Nusu ya Nywila

Mgahawa wa Mbeleje uko nyuma ya stendi ya zamani:
meza saba, feni moja, na vumbi la Agosti
linaloingia bila hodi.
Kahawa ya Mbozi, kashata za mkono wake mwenyewe.
Waifai ni bure, ila ina masharti.

Risiti ya meza shufwa ina tarakimu nne za kwanza.
Ya meza witiri, nne za mwisho.
Ukitaka mtandao, inuka.
Kamuulize usiyemjua.

Mwanzoni, anasema, aliweka methali:
huku *haba na haba*, kule *hujaza kibaba*.
Haikufaa. Nani asiyeijua?
Kila mteja alijimalizia mwenyewe
akainamia simu kama atafutaye sindano.
Ndipo akamwambia mwanawe Yaledi, fundi kompyuta:
nipangie kitu ambacho mtu hawezi kukijua peke yake.

Mimi nilikuja Dodoma kwa ajili ya faili.
Mafao ya marehemu kaka. Kule Mtumba waliniambia kesho,
na kesho yao haina tarehe.
Siku ya tatu ile, sikuwa nimesema neno
zaidi ya shikamoo na nimeambiwa nisubiri.
Chumba cha gesti, Chang'ombe, kina kioo;
usiku nilijikuta namsalimia aliyemo.

Meza ya nne, basi. Nne, sifuri, saba, moja.
Meza ya tano, mwanamke mwenye buti za udongo mwekundu,
na kando yake, imeegeshwa ukutani kama mgeni wa tatu,
ile stendi ya miguu mitatu ya kupimia viwanja.

Nikakohoa.
Nikakohoa tena.
Samahani dada, unazo nne za mwisho?

Akacheka. Nilikuwa nakuhesabu, akasema,
umekohoa mara mbili, nilikungojea ya tatu.
Anaitwa Nyemo. Anapima viwanja huko Nala,
anapigilia vigingi mahali ambapo watu
watakuja kuwa majirani, na sasa hivi
hakuna anayemjua mwenzake.

Tukasomeana namba, mimi zangu, yeye zake,
polepole, kama watu wanaoazimana chumvi.
Akauliza, faili la nini?
Nikamwambia. Nikamwambia na jina, Tuntufye,
na kwamba alikuwa akipiga mluzi kila anapopiga pasi,
jambo ambalo hakuna fomu iliyoliulizia.

Hapo simu yake ikalia mezani.
Ujumbe. Mwingine. Picha ya kichanga kwenye khanga.
Na alikuwa hajabonyeza tarakimu hata moja.
Alikuwa na bando lake.
Akaigeuza simu kifudifudi, haraka,
kama aliyefunika chungu wageni wasione mboga.

Sikusema kitu. Ningesema nini?
Mfukoni mwangu mlikuwa na giga nane,
za wiki nzima, nimenunua asubuhi ile.

Mbeleje kaunta alifuta kikombe kilichokwisha kukauka,
hatutazami, kwa bidii kabisa.
Kisha feni ikapunguza mwendo, ikasita, ikasimama.
Umeme umekwenda, mtu akanung'unika, na waifai nayo.
Nikaangalia mlango. Nikaangalia buti zake.

Haya, akasema Nyemo, akisogeza kashata upande wangu.
Alikuwa akipiga mluzi wimbo gani?