Mbao ya Thelathini na Saba

Mkandarasi amesema tuhesabu kuanzia ng'ambo.
Sisi wa Katago tumezoea kuhesabu kuanzia kisiwani,
basi tumebishana mpaka chai imepoa
mbao ya kwanza ni ipi.

Daraja jipya limekaa pembeni, zege tupu,
jeupe kama jino la mtoto.
Fuso la kakao linapita na halishtuki.
Bibi Ngwitika halipendi. Anasema
daraja lisilotikisika
halikwambii kuna mtu anakuja.

La zamani lilikuwa lina maneno.
Ukilala ulijua: hiyo pikipiki ya Asukile,
hizo kwato za ng'ombe wa kina Mwakanema,
wamechelewa tena;
na yule mlevi tusiyemtaja
anavuka kwa magoti, anasalimia mbao moja moja,
ugonile, ugonile,
kama aliyefika msibani na kukuta ukoo mzima.

Mimi nimeajiriwa kufungua nati.
Elfu kumi kwa siku, na glavu ya mkono mmoja.
Kamba za chuma zinakwenda Mbeya kwa wanunuzi wa chakavu.
Mbao, kasema msimamizi, kila mtu ajichukulie kuni.
Kuna za mkaratusi, nzito kama deni.
Kuna za paini alizoleta mgombea,
zikaoza kabla hajaapishwa.
Kuna benchi la kanisa, bado lina namba.

Halafu msimamizi akaita: Njooni muone.
Hii ina bawaba.
Hii ina tundu la ufunguo.

Ilikuwa mwezi wa nne, Lufilyo umefura,
umemeza mbao tatu katikati, giza limebaki na pengo lake.
Mama uchungu ulimshika tangu magharibi.
Wanaume walisimama ukingoni na tochi zao
wakasema, tusubiri kuche.
Bibi hakuwajibu.
Alirudi nyumbani, wakasikia nyundo,
akatokea kwenye mvua, mlango uko kichwani.
Wakaulaza juu ya pengo.
Mama akavuka kwa miguu yake, amemshika Bibi kiunoni,
maji yakiwalamba visigino.
Mimi nami nilivuka usiku huo,
ila sikumbuki chochote.

Kesho yake Bibi alikwenda kuufuata.
Akakuta foleni: wenye ndizi, watoto wa shule,
mchungaji na baiskeli yake, mbuzi wanne.
Akasema, wakishapita nitauchukua.
Hawakuisha kupita.
Miezi miwili alilala nyuma ya khanga iliyotundikwa mlangoni,
akauza mpunga, akanunua bati.
Na miaka kumi na tisa
watu wamekanyaga mlango wake, kwenda na kurudi,
hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Nimeubeba leo. Umekuwa mwepesi, miguu imeula.
Rangi ya kijani imebaki kwenye kona moja,
upana wa kiganja.
Nimevuka nao kwenye zege, dereva wa lori ananipigia honi:
Kijana, unahama?

Bibi hakusema ndaga, hakusema lolote.
Aliingia ndani, nikasikia kopo likifunguliwa,
akarudi na ufunguo.
Sikujua alikuwa nao.
Akauingiza, ukagoma.
Tope, akasema, tope la Lufilyo limekaa humu kama mpangaji.
Akachomoa sindano ya mikeka kutoka kwenye kilemba,
akauweka mlango magotini,
akaanza kuchokoa, punje kwa punje,
huku ananiuliza bei ya nati moja ni ngapi,
na kama glavu ya pili itakuja.

Hatukusikia nani amevuka.
Tulishtuka tu mtu yuko uani, viatu vikavu,
anaita, hodi.
Bibi hakuinua kichwa.
Ngoja kidogo, akasema.
Bado haujafunguka.