Ishirini na Tano Nukta Nne

Endel, gia yako imefika.
Niliichapa jana usiku, theluji ikigonga kioo,
nikaketi na chai kuisubiri,
cherehani ya Podolsk imefunguliwa tumbo mezani.
Printa ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.
Dakika moja na nusu!
Nilidhani haijaanza.
Kisha nikaona katikati ya sahani
kitu kama punje ya dengu iliyosahauliwa baada ya mlo.
Nikavaa miwani juu ya miwani.
Nikacheka peke yangu hadi Raivo wa chini
akagonga dari yake kwa ufagio.

Kosa unalijua.
Faili uliyotuma inakumbuka pembetatu tu,
elfu kumi na moja, kila moja imebana bega la mwenzake,
na kila ncha ina namba zake tatu, basi.
Namba za nini? Haisemi.
Ukiiuliza kama ni inchi au milimita
inakukodolea macho
kama shahidi aliyeona yote isipokuwa saa.
Umekaa Duluth kwa binti yako miezi saba
na tayari unapima kwa dole gumba la wenyeji.
Moja yako si moja yangu tena.

Nikazidisha. Ishirini na tano nukta nne.
Gia ikavimba kwenye skrini ikawa gia,
lakini haikuwa na la kuniambia:
joto gani, kasi gani, tabaka nene kiasi gani,
ndani niijaze au niiache na vyumba kama sega.
Nguo imekuja, mvaaji hakuja.

Nikakuandikia kwa hasira kidogo.
Ukajibu saa tisa usiku, usiku wangu,
kwa faili ya pili, ile ya aina mpya, nzito,
mgeni anayekuja na godoro lake.

Humo ndani nikakukuta.
Nyuzijoto mia mbili kumi na nane.
Kwa nini nane? Wengine wote huishia kwenye ishirini.
Tabaka, sifuri nukta moja sita.
Ukuta wa nje polepole, polepole,
maana husema ukuta wa nje ndio uso
na uso haupakwi kwa haraka.
Na mipangilio uliyoihifadhi kwa majina yako:
nzuri, nzuri2, nzuri_kweli,
usiguse, usiguse_Leida.
Sijawahi kugusa.
Haya, niligusa mara moja, mwezi wa tatu.

Nikabonyeza.
Pua ikashuka kupita kiasi, ikakwaruza sahani yangu
kwa sauti ya kisu juu ya kaure;
kovu refu, jipya, la kwako.
Ningekumbuka! Sahani yako imebonyea
tangu Krismasi ile ulipoikalia,
na wewe, badala ya kununua nyingine,
ukaifundisha pua kuinama.
Miaka sita imeinama bila kulalamika,
na kuinama huko umekuhifadhi pamoja na mengine,
ukavuka nako bahari.
Mipangilio ya mtu ni kiatu chake:
kisigino kimelika upande mmoja,
ukikivaa, unachechemea kwa mguu wake.

Nimeinua pua. Mia mbili kumi na nane nimeiacha.
Gia imetoka saa nane na robo, ya kijivu, ina uso.
Cherehani inashona sasa,
ingawa hulia kidogo kila jino la saba,
sijui kama ni jino langu au lako.
Nimepunguza suruali ya Raivo kwa ajili ya zile kelele;
hakunishukuru, ila ufagio umetulia.

Ile dengu iko kwenye kopo la vifungo.
Ukirudi Viljandi, kama utarudi,
nitakuwekea kiganjani uone ukubwa wa moja yako huku kwetu.
Niandikie basi.
Theluji ya huko,
wanaipima kwa nini?