Nusu Punje

Julai, Kabete. Baridi imeganda kwenye vioo vya maabara,
taa zinawaka tangu asubuhi.
Nimehesabu mara mbili: punje mia nne za mahindi
kwenye karatasi zilizoloweshwa, na hamsini na mbili
zimelala tu, hazikutoa hata ncha ya mzizi.

Gunia linadai tisini kwa mia.
Basi za kulala zingekuwa arobaini.
"Kataa," asema Mwanzia, kalamu nyekundu ameshaifungua.
Naomba dakika kumi.

Kila punje ina neno moja tu: naam, au la.
Ila njia za kuchagua hamsini na mbili kati ya mia nne
ni nambari yenye tarakimu sitini na kitu,
kisha kuna hamsini na tatu, na nne, mpaka mwisho.
Kikokotoo changu kiliandika KOSA
kikanyamaza kama punje zile.

Nikashika penseli. Nikachora kilima,
mfano wa kengele iliyofunikwa mezani,
kilele juu ya arobaini,
mabega yakishuka sawasawa huku na huku.
Mia nne mara sehemu ya kumi, mara tisa za kumi: thelathini na sita.
Kipeuo chake sita.
Hatua moja ya kilima, punje sita.

Lakini punje hazijui mteremko. Hupanda ngazi,
moja, moja.
Kwa hiyo nikarudi nyuma: hamsini na moja na nusu.
"Nusu ya nini?"
Nusu ya kidato, Mwanzia. Nusu punje
ambayo hakuna kuku wa Kangemi atakayeidonoa,
na bila hiyo ngazi na kilima havishikani.

Kumi na moja na nusu, gawanya kwa sita:
hatua mbili kasoro kidogo.
Jedwali lililochakaa kwenye droo likajibu,
karibu tatu kwa mia.

"Unaona? Ni chache."
"Chache, ndiyo. Lakini mwaka huu tumepima magunia mia mbili.
Hata yote yangekuwa ya kweli,
matano au sita yangeingia hapa na sura hii."

Hakuifunga kalamu. Hakuandika pia.
Nje kwenye benchi, Chepkirui aliyeleta mbegu kutoka Moiben
amekunja risiti mpaka haikunjiki tena.

Nikalowesha karatasi mpya.
Vidole vimekufa ganzi.
Moja. Mbili. Tatu.