Maelezo ya Mlinzi wa Mabomba

Jina Mbaruku Semdoe, wa Kwemvumo, Handeni.
Umri andika sitini na kitu.
Kazi, mlinzi. Mshahara, acha wazi hapo, afande,
labda kuna atakayekuja kupajaza.

Mabomba yalishushwa Mfungo Nne, siku ya gulio,
mia mbili na kumi na mawili, niliyahesabu kwa chaki,
meusi, marefu, yananukia kandambili mpya.
Mwenyekiti wa kijiji akasema, hili ni jasho la chama chetu.
Diwani akasema, jasho lipi, na barua niliandika mimi?
Mwenyekiti ni wa huku, diwani wa kule,
na kisima kilipimwa kwenye shamba la shemeji wa mmoja wao,
usiniulize yupi;
hata shemeji mwenyewe siku hizi
hutoka nyumbani na kofia mbili.

Kikao cha kwanza kilivunjwa na utepe: nani aukate.
Cha pili, rangi ya tenki.
Tenki lenyewe halijafika.
Cha tatu sikukielewa, ila viti vilirushwa,
na kimoja ni changu, hakijarudi.
Kiandike nacho.

Miaka mitatu.
Kuku katotoa ndani ya bomba la kumi na nne.
Nyigu wamejenga.
Watoto wakitoka shule, mmoja anaweka mdomo huku,
mwingine sikio kule, wanaitana majina ya wagombea.
Mjukuu wangu Riziki akaniuliza,
babu, maji yakija yatakuwa ya chama gani?
Nilicheka. Usingizi sikuupata.

Maana sisi maji yetu ni lambo.
Ng'ombe kasimama hadi magotini,
pembeni yake mwanamke kainamisha ndoo,
anapuliza ukijani, anachuja kwa kanga ya kampeni.
Matope hubaki usoni pa mgombea.

Riziki akaharisha siku nne.
Nesi wa zahanati akasema, mpe maji safi.
Nikamuuliza, ya wapi?
Akatazama dirishani,
na dirisha lile, afande, linatazamana na mabomba yangu.
Riziki kapona, alhamdulillahi.
Wa jirani hakupona.

Sasa usiku unaouulizia.
Nilisikia miguu, si ya mwizi;
mwizi huvua viatu,
hawa walikuja na ndara zao, wakizozana kwa kunong'ona.
Wanawake wawili, mmoja wa huku, mmoja wa kule,
tangu uchaguzi hawaombani hata chumvi.
Majina sikuyaona. Nina mtoto wa jicho.
Mmoja akashika mbele, mwenzake nyuma,
bomba begani, kama wanasindikiza maiti mwepesi.
Nikakohoa, wajue niko macho.
Wakasimama.
Nikageukia ukutani, nikavuta shuka.

Walirudi mara nyingi usiku ule.
Alfajiri nikaandika kwenye daftari:
mia mbili na kumi na mawili, yote yapo.
Uongo huo ni wangu peke yangu.

Kule juu mlimani kuna ufa wa jiwe unaolia mwaka mzima.
Wameunga mabomba kumi na tisa kwa mpira wa baiskeli,
yanapita nyuma ya msikiti, yanakata shamba la muhogo.
Si maji mengi. Ndoo moja,
unasoma Yasini ukamaliza, ukaanza tena.
Lakini ukichungulia unaona kitako cha ndoo,
hata ile alama ya kiwanda.

Basi kikao cha nne kilikuwa kitamu.
Hakuna kiti kilichoruka.
Huku wakanyoosha mikono, kule wakanyoosha mikono,
kauli moja, mara ya kwanza tangu mabomba yashushwe:
mlinzi akamatwe.

Ndiyo nipo.
La kuongeza sina, isipokuwa hili:
koridoni kwenu kuna bomba linavuja,
nalisikia tangu jana, tone, tone,
na hakuna anayeligombea.
Nipe kopo, afande.
Nikishakunywa nitaweka dole gumba.