Namba ya Mkono

Kilichoanza ni kikombe.
Kahawa ya alfajiri ilinimwagikia pajani
nami sikuhisi kidole kikifunguka.
Mwanakombo akachukua kitambaa, akafuta, hakusema kitu,
na kwa mwanamke wa Kibokoni kunyamaza ni hotuba.

Miaka kumi na tisa nabeba mikate
kutoka tanuri la Bondeni hadi maduka ya Mikindani,
kreti mbili nyuma, moja mbele,
na uzito wote, sikujua,
ulikuwa ukishuka mabegani, ukipita viwikoni,
ukija kulala hapa, kwenye kitako cha kiganja,
juu ya raba iliyolika hadi chuma kikachungulia.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mimi n'na viwili vilivyolala, cha pete na cha mwisho,
na chawa wangu ni mlima wa Changamwe.

Duka la Taherali liko nyuma ya Mwembe Tayari,
limebanwa baina ya muuza magodoro na fundi wa saa.
Nikasema: nataka mishikio ya usukani.
Yule msichana wake wa dukani, Kadzo,
hakuniuliza rangi gani.
Akasema: lete mkono.

Akaupima kwa utepe wa fundi cherehani,
urefu, kisha upana,
akaandika kwenye boksi la minyororo: mkubwa.
Sikujua kwamba mikono ina namba.
Kumbe miaka yote hiyo
nimeivika viatu vya mtoto.

Mshikio wa kwanza ulikuwa na nyuzi za rangi zinazopepea.
Tukacheka, tukaurudisha.

Wa pili ulikuwa wa sponji.
Nikaufinya, laini kama shavu la mjukuu.
Ndio huu, nikasema.
Finya tena, akasema Kadzo, shika kama uko mlimani na kreti tatu.
Nikashika. Sponji ikakimbia,
nikakikuta chuma pale pale, kinaningoja.
"Na kwa joto letu hili," akasema,
"utakunywa jasho hadi Ijumaa, Jumamosi unanuka."
Nikaelewa jambo ambalo godoro langu
limekuwa likinieleza kila usiku:
laini si raha.

Wa tatu siukumbuki.

Wa nne ulikuwa na bawa,
kibawa kipana cha kuegemea kiganja,
na skrubu ndogo ubavuni ya kuubana usizunguke.
Niliweka mkono, mkono ukakaa.
Sina neno jingine. Ukakaa,
kama mgeni aliyeambiwa karibu mara ya tatu, akaamini.

Mia nane na hamsini.
Kila mkate unaniachia shilingi tatu.
Nikapiga hesabu kwa sauti, nimesimama:
mikate mia mbili themanini na mitatu,
na bado nadaiwa shilingi moja.
Taherali, ambaye hakuwa ameinua uso kutoka gazetini,
akasema: hiyo moja nimekusamehe.

Tumeifunga jana usiku barazani,
Mwanakombo akishika taa ya simu.
Bawa likielekea juu mno, kifundo kinalalamika;
chini mno, mkono unateleza.
Tukageuza kidogo, tukajaribu, tukageuza tena,
kama watu wanaotafuta stesheni kwenye redio ya zamani.
"Hapo," ikasema sauti.
Haikuwa yangu. Ilikuwa yake,
ameushika upande wa kushoto, amefumba macho.

Leo nimetoka na mikate kabla ya adhana.
Sitadanganya, sijapona.
Lakini ganzi iliyozoea kunipanda Sabasaba
leo imenikuta Kibarani,
nimekwisha uza nusu ya kreti, nimekwisha sahau kuingoja.
Imehama mtaa.

Jioni nitamwambia Mwanakombo
anijazie kikombe hadi juu,
asikiishie nusu
kama anavyofanya siku hizi,
akidhani sioni.