Kwanza Kuanguka

Mimi ni fundi paa. Kimo nakijua kwa tumbo,
si kwa futi kamba.
Nimepiga bati kuanzia Uyole mpaka Mbalizi,
na nyonga hii ya kushoto, inayotabiri mvua
kuishinda redio,
niliipata kwenye kenchi ya kanisa, Ilomba,
mwaka ule Tumpe alipozaliwa.

Sasa Tumpe ana miaka saba na hakai chini.
Anapanda fremu ya mlango, mguu huku mguu huku,
anatuchungulia kutoka juu tukila kande.
Chupa ya chai imevunjika, ya pili mwezi huu.
Mama yake, Subilaga, akasema:
"Mtafutie mahali pa kuvunjia
kabla hajavunjika yeye."

Nikaanza na ukumbi wa Forest, maana ulikuwa na bango.
Magodoro ya buluu, vioo ukuta mzima,
viti vya wazazi vina mito.
Kocha alinionyesha medali kabla hajanitajia jina lake.
Ada aliitaja kwa sauti ya chini
kama daktari anavyotaja ugonjwa.
Nikatazama juu, kazi ni kazi:
paa halina kosa, misumari imenyooka mstari.
"Mtoto akiogopa?" nikauliza.
"Hapa hatupokei waoga."
Msichana mmoja juu ya boriti aligeuka kututazama,
akarudisha macho mbele upesi mno.
Tumpe akanishika kidole.
Yeye, asiyeshikaga mtu.

Wa Isanga nisimwongelee sana.
Mkono mmoja unavuta mguu wa mtoto uende usikotaka,
mkono mwingine una simu.
Tuliondoka kiti hakijapata joto.

Kisha Iyunga, nyuma ya shule, Jumamosi ya Julai,
ukungu bado umelala uwanjani,
watoto ndani ya masweta wanafuka midomo
kama masufuria ya uji.
Bango hakuna. Magunia ya pumba za mpunga
yameshonwa pamoja kwa katani, turubai juu yake.
Mwalimu Anyosisye, mfupi, koti la mvua limemzidi,
hata salamu yangu hakuiitikia mara moja.
Mkono wake ulikuwa chini ya mgongo wa mtoto,
haujamgusa,
unamfuata tu, kama kisahani kinavyofuata kikombe.
Mtoto akapinduka, akasimama.
Mkono ukabaki hewani kidogo,
mtupu, umeridhika.

Nikauliza swali langu lile lile.
"Akiogopa namwacha aogope.
Wewe, juu ya paa, huogopi?"
Sikumbuki kumwambia kazi yangu. Labda aliiona nyonga.
"Miezi miwili ya kwanza tunafundisha kuanguka tu.
Na mzazi anaanguka. Vua viatu."

Nikacheka. Hakucheka.
Basi nikapanda benchi, mtu mzima,
soksi ya kulia ina tundu,
watoto wa watu wamenikodolea macho,
na tumbo langu likapima: futi tatu.
Futi tatu tu! Nyuma yake, miaka saba.
"Kidevu kifuani. Usigombane na ardhi.
Toa pumzi."

Pumba zikasema shii, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.
Nilikuwa chali, natazama juu pasipo na bati,
ukungu unaanza kuchanika upande wa Loleza,
na uso wa Tumpe ukaja juu yangu, kichwa chini miguu juu.
"Baba, tena."

Nyumbani Subilaga aliuliza ya maana:
choo kiko wapi, mvua ikinyesha wanakaa wapi,
kuna mwanamke pale?
Yupo, Bupe, mwenye daftari na kisanduku cha bandeji.
Medali sikuuliza. Labda hawana.

Risiti imeandikwa kwa penseli.
Nimetafuta pa kuiweka isipotee,
nikaibana juu ya fremu ya mlango,
kule anakofika yeye peke yake.