Sifuri Nukta Sifuri

Kazi yangu ni kusoma mvua.
Kila Jumatatu Nala, Chigongwe, Bahi, hadi Kintinku,
nafungua mtungi wa bati, nachomoa kijiti, naandika.
Miezi sita mfululizo naandika
sifuri nukta sifuri.
Mkono umeshazoea, hauhitaji macho.

Ofisi ikanipa gari jipya. Jipya kwetu;
Japani lilishamzeesha mtu.
Ukiliwasha linakusalimu kwa lugha ya kwao,
sauti ya mwanamke mpole, sijui ananionya au ananiombea.
"Hili lina akili," Chilongani wa stoo alisema akinipa ufunguo.
"Wewe kaa tu."

Nikakaa tu.

Nje kidogo ya Nala kimbunga cha vumbi kikakatiza lami,
chembamba, chekundu, kimebeba mabua ya mtama,
na waipa zikaamka.
Krrr. Krrr.
Kioo kikavu, mpira mkavu, mchanga katikati,
kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria ya jana.
Zikatulia. Zikaanza tena kwa ajili ya panzi.
Panzi mmoja!
Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyofunzwa.
Hili lilifunzwa kwingine,
kwenye nchi ambako kikigusa kioo kitu, basi ni maji.
Daftari langu: sifuri.
Gari: mvua.
Tukabishana hivyo mpaka Kintinku.

Na taa, je?
Lori la mafuta likinipita, kivuli chake kinanifunika kufumba na kufumbua,
gari linaamini kumekuchwa.
Saa saba mchana, jua la kupasua mawe, taa zinawaka.
Bodaboda wote wananichezea vidole: taa, dada, taa!
Pale Chigongwe mama mmoja aliwaswaga mbuzi wake nje ya barabara mbio mbio,
akamvua mwanawe kofia,
wakasimama wima wakidhani ni msafara wa wakubwa.
Nikawapungia mkono.
Ningefanyaje?

Usiku ndiyo usiseme.
Mbele ya kibao kinachong'aa linainamisha macho kwa adabu;
mbele ya mzee wa baiskeli linamkodolea
hadi anaingia mtaroni.

Fundi Ndahani wa Chang'ombe alichomeka kompyuta yake,
akasubiri, akakuna shingo.
"Halina ugonjwa, dada. Linaona vizuri tu.
Shida ni kwamba halijawahi kuona Dodoma."
Akanidai elfu thelathini.

Wiki ya usalama barabarani askari wa Kizota alinisimamisha,
akabandika stika kwa nje, akaisugua kwa kiganja,
juu, katikati, juu ya lile jicho lenyewe.
Sikusema kitu.
Tangu siku hiyo gari likaishi usiku mmoja mrefu:
taa hazizimiki,
waipa kimya kama wanafiki msibani.
Nikaona bora nusu shari.

Ilikuwa Desemba, tarehe ishirini na moja, naielekea Bahi.
Kwanza harufu, ile ya udongo unaofumbua mdomo.
Halafu tone. Zito, la kahawia, likachora mstari kwenye vumbi la kioo.
La pili. La mia.
Waipa zimelala.
Miezi yote mmepunga kwa vumbi, kwa panzi, kwa kinyesi cha kunguru,
leo mgeni kafika, mmelala!
Swichi ya mkono ipo, naijua.
Vidole vilifika pale vikasita.
Nikaegesha pembeni, nikaacha maji yateremke kioo kizima,
barabara ikayeyuka, mibuyu ikayeyuka,
nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ilipopungua nikafika kituoni. Kiza cha mawingu,
mtungi siuoni, kijiti sikioni,
ila taa zilikuwa zinawaka,
kwa mara ya kwanza zikiwa na sababu.
Nikainama mbele yake, nikasoma.
Kumi na nne nukta mbili.
Niliandika mara mbili.
Ya kwanza mvua yenyewe iliifuta.